Mjenzi wa Kanisa la Mkunazini

(Somo hili la historia lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili kila mwanafunzi alisome polepole, na arudie mahali asipopaelewa.)

Leo nasema hasa na darasa la Nangurukuru. Madarasa mengine nayo yasikilize, lakini habari yenyewe ilipita karibu na milango ya watu wa Nangurukuru, na kwa hiyo nawaanzia wao.

Ninyi wa Nangurukuru mwakaa njia panda. Njia moja yaenda Dar es Salaam, moja yaenda Lindi, moja yashuka pwani kwenda Kivinje na Masoko, na moja yapanda bara kwenda Liwale. Mchana kutwa mwaona mabasi na malori yakipita, na abiria wakinunua korosho na machungwa dirishani. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu aliyejenga kanisa kubwa mjini Unguja, karibu miaka 150 iliyopita. Najua mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, kanisa la Unguja latuhusu nini sisi watu wa Kilwa, na wengi wetu ni Waislamu?" Swali zuri. Lishike mkononi, usilitupe. Tutalijibu kwa hesabu kwanza, halafu kwa chokaa.

Tuanze na hesabu. Kivinje mnaijua, wengine mmezaliwa huko. Zamani za Sultani Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1856 hata mwaka 1870, Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa katika pwani yote hii. Misafara ilitoka nchi ya Wayao na nchi za Ziwa Nyasa, ikaja na pembe za ndovu, na watu waliotiwa makongwa. Kongwa ni mti wenye panda unaofungwa shingoni mwa mtu, ili asiweze kukimbia. Watu wale walipakiwa katika majahazi pale Kivinje, wakavushwa.

Sasa chukueni kalamu mwandike tarakimu hii: 97,203. Isomeni pamoja: elfu tisini na saba, mia mbili na tatu. Hiyo ndiyo hesabu ya watumwa waliopitishwa katika forodha ya Kilwa kwa miaka mitano, tangu 1862 hata 1867. Ni wale walioandikwa tu. Waliopitishwa kwa siri ili kukwepa ushuru hawamo. Chini yake andikeni 76,703. Hao ndio waliopelekwa Unguja. Toeni hesabu ya pili katika ya kwanza, mtapata 20,500, nao ndio waliopelekwa mahali pengine. Mwanafunzi aliyezoea kutoa kwa kukopa atamsaidia jirani yake.

Waliofika Unguja waliuzwa wapi? Kwa miaka mingi waliuzwa katika uwanja mmoja ndani ya mji, mtaa wa Mkunazini. Kanisa ninalotaka kuwaeleza limesimama juu ya uwanja ule ule.

Mjenzi wake alikuwa Mwingereza, jina lake Edward Steere. Alizaliwa London mwaka 1828. Hakusomea ujenzi hata siku moja. Alisomea sheria, akawa wakili, kisha akaacha uwakili akawa kasisi wa Kanisa la Kiingereza, moja ya makanisa yaliyojitenga na Roma katika karne ya 16. Akatumikia katika vijiji vya mashariki ya Uingereza, kimojawapo pwani, palipokuwa na wavuvi. Mwaka 1863 alimfuata rafiki yake, Askofu Tozer, kuja Afrika kwa kazi ya misheni iliyoitwa kwa herufi nne, U.M.C.A., yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Kwanza walikwenda upande wa mto Zambezi na mto Shire. Huko hawakufanikiwa, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Steere alipofika Unguja alijifunza kwanza lugha. Alikaa na watu wa mjini, akauliza, akaandika, akakosea, akasahihishwa. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili cha Unguja, na kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mambo ya vitabu vyake ni somo la siku nyingine. Nakumbusha hili moja tu: watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani sana, hata kabla ya Steere na watu wake. Yeye ni mmoja wa waliokipiga chapa kwa herufi hizi mnazojifunza ninyi leo.

Mwaka 1868 alirudi kwao. Akiwa huko Uingereza, dhoruba kubwa iliipiga Unguja. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 1872. Upepo uling'oa mikarafuu shamba kwa shamba, ukazamisha majahazi bandarini, ukabomoa nyumba. Mwaka ule ule Steere alirudi Unguja. Ishikeni dhoruba hiyo, maana mtu anayejenga mahali palipopigwa na upepo wa namna ile hawezi kulifikiria paa kama mtu mwingine.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, ndugu yake Majid, alitia sahihi mkataba na Waingereza. Mkataba ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari, na masoko ya watumwa yakafungwa. Uwanja wa Mkunazini ukabaki mtupu. Misheni ikaupata. Sehemu moja ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni, jina lake West, na sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Hapo hapo kikajengwa kwanza kibanda cha udongo kilichoezekwa makuti, na Steere akahubiri humo kwa Kiswahili. Siku ya Krismasi ya mwaka ule, tarehe 25 Desemba 1873, likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Hapa nawaomba msimame kidogo. Vitabu vingine husimulia habari hii kana kwamba biashara ilikoma siku jiwe lilipowekwa. Kwa watu wa Kilwa haikuwa hivyo. Mkataba ulikataza bahari, haukukataza nchi kavu. Basi wenye biashara waliwatembeza watumwa kwa miguu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa njia ya pwani, kupita Dar es Salaam hata Pangani. Siku zile zile za mwisho wa Desemba 1873 na Januari 1874 alikuwako njiani Mwingereza mmoja wa ubalozi, jina lake Elton, akihesabu misafara. Kwa mwezi mmoja alihesabu watu zaidi ya 4,000 wakipelekwa kaskazini. Jiwe linawekwa Mkunazini kwa nyimbo, na huku watu wa kwetu wamo njiani, makongwa shingoni. Njia hiyo ya nchi kavu ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1876, na hata baada ya hapo biashara ya kificho iliendelea miaka kadhaa.

Haya, turudi kwenye ujenzi.

Jengo kubwa huanza kwenye karatasi. Mtu anayechora jengo kabla halijajengwa, akapanga urefu, upana, kuta na paa, huitwa msanifu wa majengo. Msanifu wa kanisa hili alikuwa London, jina lake Hayward. Lakini mchoro haujengi. Hayward alikuwa London, na matumbawe, mchwa, jua na mvua za masika vilikuwa Unguja. Aliyesimama juani kila siku, akapima, akabadili, akaamua, ni Steere. Mwaka 1874 alifanywa askofu, naye akaendelea kuwa msimamizi wa waashi. Kwa hiyo mimi namwita mjenzi, ingawa cheo chake kilikuwa kingine.

Taabu kubwa ilikuwa paa. Nieleze vizuri, maana hapa ndipo penye moyo wa habari yetu.

Tazameni nyumba za mawe za zamani za Kivinje. Ingieni katika moja iliyobaki, mpime chumba kwa dhiraa. Mtaona chumba ni kirefu lakini chembamba. Upana wake ni dhiraa sita hivi, basi. Kwa nini? Kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haipiti kiasi hicho. Mti wa mkokoni ndio uliopima vyumba vyote vya pwani, tangu Lamu hata Kilwa. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba apendavyo, na akaongeza ghorofa, lakini upana aliambiwa na boriti.

Sasa kanisa lilitakiwa kuwa na upana wa karibu futi 28 katikati, yaani mita 8 na nusu, au dhiraa 19 hivi. Boriti haifiki. Mbao ndefu kutoka Ulaya zingefika, lakini mchwa wa Unguja hawaulizi mbao imetoka wapi. Mabati yangefunika, lakini chini ya mabati watu wangechemka kama mihogo chunguni, na dhoruba ya 1872 ilikuwa bado haijasahauliwa na mtu.

Nitawapa mfano wa nchi ya mbali, ili mwone kwamba kila mjenzi huulizwa swali na ardhi yake. Katika Uholanzi, mjini Amsterdam, alikuwako fundi mkuu wa mawe wa mji, jina lake Hendrick de Keyser, aliyeishi tangu 1565 hata 1621. Yeye ndiye aliyechora Zuiderkerk, kanisa la kwanza kubwa kujengwa mjini humo makusudi kwa ajili ya Waprotestanti. Lilijengwa kati ya 1603 na 1611. Baadaye akachora na Westerkerk, kubwa kuliko hilo, lililomalizika mwaka 1631, yeye amekwisha kufa. Sasa mji wa Amsterdam umekaa juu ya matope. Nyumba zake husimama juu ya miti iliyopigiliwa chini kama nguzo za gati. Ukitia paa zito la mawe, jengo lazama. Basi de Keyser alitia makuba ya mbao, ambayo ni mepesi. Matope yalimwambia, "Tumia mti." Huku kwetu mchwa walimwambia Steere, "Usitumie mti."

Alichofanya ni hiki. Alichukua matumbawe, yakapondwa vipande vidogo, yakachanganywa na saruji iliyoletwa kutoka Uingereza, likapatikana zege. Kwa zege hilo akafunga juu ya kanisa kuba refu. Ukitaka kulielewa kuba hilo, chukua pipa, lipasue katikati kwa urefu wake, kisha ufunikize nusu yake juu ya kuta mbili. Ndani hakuna boriti hata moja. Wakati wa kulimwaga, zege hulala juu ya kiunzi cha mbao. Likikauka likawa gumu, kiunzi huondolewa, na kuba hubaki limejishika lenyewe.

Hatari iko wapi? Kuba husukuma kuta nje. Jaribu mwenyewe: simama katika sakafu ya utelezi, miguu umeitanua. Waona miguu inavyotaka kukimbiana? Hivyo ndivyo kuba linavyotaka kuzifanyia kuta. Kwa hiyo kuta ziwe nene na nzito, ama sivyo siku moja zote zitalala chini pamoja na waliomo. Wengi mjini walitabiri kwamba paa la Askofu litaanguka. Nadhani hata mimi ningalikuwapo siku ya kuondoa kiunzi, ningalisimama mbali, nikitazama kutoka upande wa pili wa barabara.

Halikuanguka. Kabla ya mwaka 1880 kwisha kazi kubwa ya kanisa ilikuwa imekwisha, na ibada zilikuwa zimeanza humo hata kabla ya kumalizika.

Sasa tulijibu lile swali mliloshika mkononi. Ujuzi wa zege la matumbawe ulitoka wapi? Saruji, kweli, ilitoka Ulaya. Lakini kujenga kwa matumbawe na chokaa, na kufunga makuba juu ya vichwa vya watu, kulikuwa na wenyewe katika pwani hii mamia ya miaka kabla ya Steere kuzaliwa. Pandeni dau pale Masoko, mvuke kwenda Kilwa Kisiwani, mkatazame Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11 au 12, na ile iliyopanuliwa baadaye, tangu karne ya 14, iliezekwa kwa makuba yaliyobebwa na nguzo. Mengine ni ya duara kama bakuli lililofunikizwa, mengine ni marefu kama pipa langu la sasa hivi. Yote ni matumbawe na chokaa. Mengine yameanguka, mengine yangali yamesimama mpaka leo. Makuba ya Kisiwani ni madogo kwa upana kuliko kuba la Mkunazini, hilo ni kweli, lakini ukoo wao ni mmoja.

Na kazi yenyewe mnaijua ninyi kuliko mimi. Mawe huchimbwa katika mwamba wa nchi kavu, na yale laini hukatwa baharini maji yakitoka. Miti hupangwa duara, mawe hupangwa juu yake, moto hutiwa, na tanuu huwaka mpaka mawe yageuke kuwa chokaa. Kisha chokaa huloweshwa ikaachwa muda mrefu, maana chokaa isiyokomaa hupasua ukuta. Dari hupigiliwa na watu wengi kwa pamoja, siku nyingi, kwa vipande vya miti na kwa nyimbo, mpaka isipitishe maji. Wakili wa London hakuzaliwa akiyajua hayo. Alikuta watu wanaoyajua.

Inaelezwa kwamba pamoja na mafundi wa mjini walifanya kazi pale na watu waliokombolewa utumwani. Misheni ilikuwa ikiwalea wengi, maana manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, baadhi ya watu waliokutwa humo walikabidhiwa kwake. Kumbukeni 76,703 wa Kilwa. Yamkini baadhi ya waliobeba mawe ya kanisa lile waliuona uwanja wa Mkunazini mara ya kwanza wakiwa wamesimama humo kuuzwa. Jina la Steere limeandikwa katika vitabu vingi. Wachoma chokaa na wabeba mawe hutajwa kwa jumla tu, "mafundi" na "vibarua", kana kwamba walikuwa mtu mmoja mwenye mikono mingi. Jambo hili huniudhi kila nifundishapo somo hili, nami sina dawa yake ila kulisema.

Hadithi moja juu yao imebaki. Ukiingia kanisani upande wa magharibi, utaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Waongozaji wa wageni husema kwamba Askofu alikuwa safarini, na mafundi wakazisimamisha walivyoona wao. Aliporudi akaziacha. Mimi siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwamba Askofu alikuwa akisafiri, hilo ni kweli, na safari zake zilikuwa huku kwetu.

Mwaka 1875 alishuka Lindi, akaenda bara kwa miguu mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao, huko Mwembe, upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1876 alirudi tena Lindi, safari hii pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa, waume kwa wake, waliotaka kurudi katika nchi walikotolewa. Nia ilikuwa kufika upande wa Nyasa. Walipofika Masasi, wakaona ardhi ni nzuri na maji yapo, wakasema hapa patatosha. Wakakaa. Ndio mwanzo wa misheni ya Masasi. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo kuta za Mkunazini zilikuwa zikipanda, watu waliokuwa wamepitishwa pwani hii wakifungwa, wengine wao walipita tena bila kufungwa, wakirudi juu.

Nimtaje mmoja kwa jina, ingawa yeye alirudi baadaye kidogo. Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafika Unguja, akakombolewa, akalelewa na misheni. Mwaka 1886 alipelekwa kufanya kazi Chitangali, katika nchi ya kusini, si mbali na Masasi. Mwaka 1890 alipewa upadre huko Unguja, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuwa padre, kisha akarudi Chitangali kuendelea na kazi yake.

Askofu Steere hakuyaona hayo. Alikufa ghafula Unguja mwezi wa Agosti 1882, umri wake miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilojenga. Alikuwa amekwisha kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Saa ya mnara wa kanisa ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe, aliyekuwa Mwislamu, kama vile sehemu ya kiwanja ilivyotolewa na Mhindi. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1903.

Mkifika Unguja mtaonyeshwa mambo mengine. Mbele ya altare pana duara katika sakafu. Inasemekana hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kupigwa mijeledi. Upo msalaba uliochongwa katika mti wa Chitambo, kule Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Dakta Livingstone mwaka 1873. Nje uwanjani pana shimo, na ndani yake sanamu za watu waliofungwa kwa minyororo shingoni. Zilichongwa mwaka 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Wageni wengi hupiga picha pale, kisha huingia kanisani na kutazama madirisha. Wachache huinua macho darini. Ninyi mkifika, inueni macho. Kuba lina umri wa miaka zaidi ya 140. Lilipata nyufa na kuvujisha mvua, likafanyiwa matengenezo makubwa pamoja na jengo zima katika miaka ya kabla ya 2016, na bado linajishika lenyewe bila boriti.

Sasa kazi ya juma hili. Wanafunzi watatu waende Kivinje, wachukue kamba, wapime upana wa chumba kimoja cha nyumba ya zamani ya mawe, kwa ruhusa ya mwenyewe. Waandike jibu kwa dhiraa na kwa mita. Halafu hapa Nangurukuru pigeni kamba chini, mita 8 na nusu, mkaisimamie huku na huku, ili mwone kwa macho upana wa lile kuba. Na kama yuko mzee katika kijiji chenu aliyewahi kupanga tanuu na kuchoma chokaa, mwiteni darasani kwa heshima, mpeni kiti, aseme miti gani, mawe gani, siku ngapi za moto, na chokaa aliiacha muda gani kabla ya kuitumia. Yeye aseme polepole, nanyi mwandike. Juu ya ukurasa, kabla ya neno lolote, andikeni jina lake.